Kitambaa Cheupe cha Ilago

Alhamisi, jioni inaingia. Nyarugusu. Mvua tangu asubuhi, na si ya manyunyu.

Mvua kama hii ingetukuta nyumbani Shinyanga tungetoa ndoo zote nje, na kila mtu angekuwa anasema mwaka huu mpunga upo. Hapa nimekaa kwenye kitanda cha gesti na simu mkononi, na kila bati linapopigwa kwa nguvu zaidi roho inanishuka. Sijawahi kuichukia mvua maishani mwangu. Leo naichukia.

Naandika ili nitulie. Mnaonisoma hapa mnanijua kwa hadithi, hamnijui kwa mambo ya nyumbani kwangu. Leo hakuna hadithi. Leo ni mimi tu, Mama Kulwa, fundi cherehani, mke wa mchimbaji, na jambo nililolifanya nikidhani nacheza.

Kwa mgeni aliyeingia leo: humu huwa natunga hadithi ya nchi isiyokuwepo, naiita Ilago. Naiandika dukani, kati ya sare moja ya shule na nyingine, wateja wakichelewa kuja kuchukua nguo zao. Wengi wakianza kutunga nchi za kufikirika wanakimbilia majoka na wafalme wenye vichwa vitatu. Mimi majoka yamenishinda. Nilichogundua ni kwamba msomaji haiamini nchi kwa sababu ya joka. Anaiamini kwa sababu ya kitu kidogo. Katika Ilago mwanamke akitia chumvi chunguni huinong'oneza kwanza jina la mtu ambaye hatakula hicho chakula. Mjane huvaa ndala za rangi mbili mpaka mvua ya kwanza. Mtoto akiuliza umri wa mlima anapewa kibao. Sielezi kwa nini. Navitaja tu, kama mtu anayetaja mambo ya kwao, halafu napita zangu. Msomaji mwenyewe anajaza yaliyobaki.

Nilijivunia sana ujanja huo. Wengine wanajenga nchi kwa matofali, mimi naijenga kwa vishikizo.

Sasa, kitambaa.

Kwenye sehemu moja ya hadithi niliandika kwamba wachimbaji wa Ilago, kabla ya kushuka chini ya mlima, hutundika kipande cha kitambaa cheupe kwenye gogo la kwanza, pale mdomoni mwa shimo. Wanangoja kidogo. Kitambaa kikibaki kikavu, mlima umelala, shuka. Kikilowa, mlima uko macho, rudi nyumbani kwa mkeo. Basi. Sentensi chache, nikaendelea na habari za malkia.

Nilizitoa wapi? Kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ulikuwa msimu wa mvua, mashati ya wateja hayakauki, nikawa naligusagusa shati moja kila baada ya muda kujua kama nitaweza kupiga pasi. Hakuna mzimu ulionitokea. Hakuna ndoto. Ilikuwa shati la mtoto wa darasa la tatu.

Msomaji mmoja aliuliza pale chini kwenye maoni kama kitambaa ni lazima kiwe kipya. Nikamjibu kwa mbwembwe, kana kwamba mimi ndiye diwani wa Ilago. Nikasema ni lazima kiwe kipya, kisiwe kimevaliwa na mtu, na kikatwe na mwanamke. Nikaweka na kikatuni cha kucheka. Watu walipenda sana.

Laiti ningemuuliza anaandika kutoka wapi.

Baba Kulwa, mume wangu, anachimba hapa Nyarugusu. Wanachimba kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu la watu wa mkono, la nyundo na moko, ile tindo ya kupasulia mwamba. Kuta zinashikiliwa na magogo wanayoyaita matimba. Mimi sijasomea mambo ya madini, lakini mke wa mchimbaji anajua kitu kimoja: magogo yakioza, mume hatoki. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya wengine kushuka, mtu mmoja alikuwa anatangulia na nyundo, anagonga timba moja moja na kusikiliza. Gogo zima linalia. Gogo bovu linanyamaza. Baba Kulwa ndiye aliyenifundisha hilo, kwa fahari kabisa, tukiwa tumekaa uani akigonga miguu ya stuli yangu.

Yeye ndiye msomaji wangu namba moja. Jioni wenzake wakishaoga huwasomea sehemu mpya kwa sauti. Ninyi wengine mnanisifia na nashukuru, lakini nilikuwa nikiandika namwona yeye, amechutama mbele ya turubai, anawageuzia wanaume wazima sauti ya malkia. Hilo ndilo lililokuwa linanipa nguvu ya kuandika.

Alipokuja nyumbani mara ya mwisho aliniomba vipande vya bitana nyeupe. Nikadhani ni vya kuchujia maji ya kunywa. Nikamkatia vizuri, kwa ule mkasi wa meno ili visifumuke nyuzi, nikavikunja, nikavitia mwenyewe kwenye begi lake. Kitambaa kipya. Hakijavaliwa na mtu. Kimekatwa na mwanamke.

Wiki iliyopita akanitumia picha. Amesimama mdomoni mwa duara, anacheka, na juu ya kichwa chake, kwenye gogo la kwanza, nikauona ukingo wa meno ya mkasi wangu.

Nilicheka. Niseme ukweli wote, nilicheka na nikafurahi. Nikawaonyesha mafundi wenzangu: tazameni, Ilago imefika Nyarugusu. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliitazama picha kwa muda, akanirudishia simu, akaendelea kusokota uzi wake.

Jumatatu Baba Kulwa akanipigia. Tulizungumza habari za watoto, kisha akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba huku chini siku hizi vijiwe vinadondoka kidogo kidogo, hasa baada ya mvua, lakini kitambaa ni kikavu kwa hiyo hakuna neno. Nikamuuliza, mmegonga matimba? Akasema hawagongi tena, kunapoteza muda, na tangu waanze kutundika hakuna hata aliyechubuka.

 Nilikuwa nimeshika shati la mteja, nikalikalia.

Nikamwambia, Baba Kulwa, kile kitambaa nimekitunga. Mnakitundika chini ya turubai. Mvua inyeshe mpaka ng'ombe waelee, kitabaki kikavu, kwa sababu kipo chini ya turubai. Maji yanaingia kwa chini, kwenye udongo, kule ambako hakuna kitambaa.

Mnajua alinijibu nini? Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Mama Kulwa, wewe umeandika tu. Hata mganga hajui dawa inatoka wapi. Umepewa, ila hujajua kama umepewa."

Nikamwambia nimepewa na nani, na shati la darasa la tatu? Akacheka. Akasema ndivyo wanavyoongea wote waliopewa.

Nikaja humu kwenye ukurasa wangu. Mliokuwepo Jumanne mliona. Niliandika wazi, bila kupindisha, kwamba kitambaa cheupe ni cha kubuni, hakina maana yoyote, yeyote anayekitumia machimboni aache na akagonge magogo yake. Nikadhani nimemaliza kazi. Yakaanza kuja maoni. Mmoja akasema tunaelewa dada, umekatazwa kusema. Mwingine akasema Mungu akulinde kwa siri uliyotupa. Mwingine akaniuliza kama bitana inafaa au mpaka pamba. Kila nilivyokana, ndivyo kitambaa kilivyozidi kuwa kweli.

Nilifikiria kuandika sehemu mpya. Kwamba huko Ilago kitambaa kinabaki kikavu, wachimbaji wanashuka, na mlima unawafunika. Si wanaamini hadithi? Basi hadithi iwaambie. Nilianza kuiandika jana asubuhi, nikafika pale gogo la kwanza linapovunjika, vidole vikagoma.

Kwa sababu mimi ni mtu wa Shinyanga. Nimekulia kijiji ambacho bibi mmoja jirani yetu alisema tu, kwa wasiwasi wa kizee, kwamba yule mtoto wa fulani hafiki mavuno. Hakufika. Watu hawakumuuliza bibi alimwonea nini mtoto, homa au kukonda. Walimuuliza alijuaje. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichokuwa anapikia, na hilo likawa jibu: mchawi. Sitaandika yaliyompata yule bibi. Nilikuwa darasa la nne na hadi leo siipiti ile njia.

Nikiandika kwamba mlima umewafunika, na kweli ukawafunika, nani atasema Mama Kulwa alikuwa anawaonya?

Basi nikaifuta. Na nilipoifuta nikasikia aibu, maana nilikuwa nimejifikiria mimi kabla ya mume wangu. Jana hiyo hiyo mchana nikawapeleka watoto kwa mama mkwe, nikamdanganya kwamba nafuata vitambaa Kahama, nikapanda basi. Kahama nikalala kwa shangazi. Leo alfajiri nikachukua gari la kupitia Kakola, na bodaboda ikanimalizia kwenye tope.

Njia nzima nilikuwa najiuliza nitamwambia nini ambacho sijamwambia. Nikafika nikiwa sina jipya. Ila nilikuwa na miguu yangu.

Niwaeleze. Wanawake wapo machimboni, wanapika, wanaponda mawe, na siku hizi wapo wenye maduara yao na wanaume wanawaita bosi. Lakini mwenye duara la kina Baba Kulwa ni mtu wa masharti. Kwake mwanamke hasogei mdomoni. Na lililo kubwa kuliko yote, mwanamke haruki kamba ya duara, ile ya winchi inayowashusha na kuwapandisha. Ikirukwa, dhahabu inakimbia, na shimo linafungwa mpaka mganga wake aje kulisafisha. Wanaliheshimu hilo kuliko mitihani ya taifa. Baba Kulwa aliwahi kunisimulia kwamba mama mmoja muuza maandazi aliiruka kwa bahati mbaya na kazi ikasimama siku kadhaa.

Kama wanaamini kitambaa changu, basi wataamini na hili. Sikuwa na silaha nyingine.

Nilimkuta Shija kwenye winchi, yule rafiki yake Baba Kulwa anayekuja kwetu sikukuu. Akafurahi kuniona, halafu akaona ninakoelekea. "Shemeji, simama hapo hapo." Alikuwa ananiomba, hakuwa ananifokea. Msimamizi wao, mzee mmoja mwenye koti la mvua, alikuwa amekaa kando. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba mwanangu, nikapita mbele yake, nikapandisha kanga hadi magotini, nikairuka kamba.

Halafu nikairuka tena kurudi, wasije wakasema hawakuona vizuri.

Nilitegemea kelele. Hakukuwa na kelele. Yule mzee alivua kofia yake kwenye mvua, akaishika tu. Shija aliachia mkono wa winchi kama umemuunguza. Kisha mzee akainama mdomoni akaita, jina moja moja, watoke wote. Alikuwa na sauti ya msibani.

Wakatoka. Baba Kulwa alikuwa wa mwisho. Matope yalikuwa yamemfika kifuani. Narudia kwa wanaosoma haraka: kifuani. Na juu ya kichwa chake kitambaa changu kinaning'inia kikavu, cheupe, kama nimetoka kukipiga pasi.

Aliniangalia, akaangalia kamba, akaelewa. "Wewe mwanamke, umenifanya nini?" Miaka yote ya ndoa sijawahi kuwa wewe mwanamke. Nilitaka kumwambia nimekutoa kaburini.  Nikamwambia, "Jiangalie nguo." Akajiangalia, na naapa hakuona nilichokuwa naona mimi. Aliona matope ya kazi.

Wenzake walinipita bila kunigusa, wakinizunguka kwa mbali, kama mtu anavyozunguka kitu kilichofunikwa barabarani. Mzee akasema mganga yuko Bukombe, na kwa barabara hizi labda Jumamosi, labda Jumapili. Mpaka hapo hashuki mtu. Akaniambia mimi niende, na safari hii hakuniita mwanangu.

Nilipokuwa natoka ndipo nikaanza kuona. Duara linalofuata, chini ya turubai la bluu, kitambaa cheupe. La pili yake, kipande cha chandarua. Mbele kidogo, mgongo wa fulana mpya, na baada ya hapo marikani, ile inayokatiwa sanda. Sikuwa nimewakatia mimi hao. Nadhani wamekatiwa na wake zao, ambao nao huko walipo walikunja vizuri wakatia kwenye mabegi. Nilitembea nimeinamisha macho mpaka barabarani.

Hapa gesti nilikunywa chai ya rangi na chapati mbili. Chapati zilipita vizuri, maana nilikuwa na furaha, tena furaha ya ukaidi. Jumamosi, labda Jumapili. Kwa siku hizo mvua inaweza kukata, maji yakapungua, na mzee yule si mjinga, pengine akisafishiwa duara atataka na matimba yaangaliwe. Na Baba Kulwa atanuna, najua kununa kwake, anakula bila kusema na anasogeza sahani kwa kidole kimoja. Atanuna mpaka Krismasi. Atanuna akiwa hai. Nilikuwa hata nimeanza kupanga maneno ya kumlainisha usiku akija.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaandikia haya.

Nimeacha kuandika kidogo. Shija amekuja.

Ameniletea mwavuli wangu, niliusahau kule kwenye winchi. Amesimama mlangoni, hakutaka kuingia, maji yanamchuruzika. Nikamuuliza Baba Kulwa yuko wapi, bado ana hasira? Akasema hasira anazo, lakini si mtu wa kukaa bure, duara lao limefungwa na watoto wanakula. Ameomba kibarua duara la jirani, lile la turubai la bluu. Wamempokea, wanahitaji watu. Ameshuka tangu mchana.

Nikamwuliza lile lina kina gani. Akasema linazidi lao.

Sijui uso wangu ulikuwaje, kwa sababu Shija alibadilika, akanionea huruma. Ni mtu mwema Shija. Akanisogelea kidogo, akashusha sauti, akaniambia hivi, nanukuu kama alivyosema: "Usiwe na hofu shemeji. Nimepita pale sasa hivi. Kitambaa kikavu kabisa."

Nimempigia Baba Kulwa. Haipatikani. Chini kule mtandao haufiki, nalijua hilo, na nimepiga tena, na tena.

Mimi ndiye niliyemtoa kwenye shimo moja nikamsukumia kwenye lenye kina zaidi. Tangu alfajiri nilikuwa najiona mjanja.

Shija anasema nisiende. Anasema pale kwao nilisamehewa kwa sababu ni mke wa Baba Kulwa, lakini wale wa turubai la bluu hawanijui, hakuna atakayeniita shemeji, na habari ya mwanamke aliyeruka kamba imeshawafikia. Wameanza kuuliza ametumwa na nani. Anasema shemeji, kuna giza linakuja na watu wamelewa kidogo. Anasema ningoje, mumeo atatoka mwenyewe.

Bati linapigwa. Mvua haijapungua hata kidogo, imeongezeka.

Kama kuna anayenisoma na mumewe, au mtoto wake, au kaka yake yuko chini leo, asisubiri mimi niandike vizuri. Mpigie sasa hivi. Mwambie atoke akagonge magogo. Akikuambia kitambaa ni kikavu, mwambie mwenye kitambaa amesema ni cha uongo.

Kanga yangu bado imelowa tangu asubuhi. Nimeifunga hivyo hivyo. Naweka simu, naenda kuiruka na kamba ya hao.